Kwa nini minara yetu haina alama ya dini, ilhali wimbo wa taifa ni sala

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia na Uraia katika shule ya sekondari wilayani Temeke. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikwenda kuiona Sanamu ya Askari na Mnara wa Uhuru wa Mnazi Mmoja, wakarudi na swali ambalo sikuweza kulijibu vizuri. Tunawafundisha kwamba Serikali yetu haina dini, na kwenye minara hilo wameliona, kwani hawakukuta msalaba, wala hilali, wala aya. Lakini wimbo wa taifa unamwita Mungu tangu neno la kwanza, na Rais anapoapishwa hushika Biblia au Kurani. Je, waasisi waliificha dini au waliitumia? Na mchango wa watu wa dini katika kuzaliwa kwa taifa niufundisheje bila kuwagawa watoto darasani?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameona jambo ambalo watu wazima wengi hulipita kila siku bila kulitazama. Maoni yangu ni kwamba waasisi hawakuificha dini, bali waliipangia mahali. Waliiacha iingie katika maneno yanayotamkwa, yaani wimbo, kiapo na ahadi, na wakaizuia isiingie katika mawe na shaba. Sababu yake si ngumu kuiona. Mnara ukishawekewa msalaba umekuwa wa Wakristo, ukiwekewa hilali umekuwa wa Waislamu, na wenye kushika mila za wazee wao hawana alama moja ambayo fundi angeichonga wote wakaitambua kuwa ni yao. Mungu akitajwa kwa mdomo, kila asikiaye hulichukua jina hilo akalipeleka katika imani yake mwenyewe, na hakuna aliyetengwa. Huo ndio uzi ninaouona katika alama zetu za taifa, na nitajaribu kukuonyesha unakopita, pamoja na mahali ambapo mpango huo ulitugharimu.

Tuanze na Sanamu ya Askari, ambayo wanafunzi wajue kwanza kuwa si kazi ya waasisi wetu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha hapa Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda wao aliyepata pia kuwa gavana, na chini yake wakaweka askari Mwafrika akiilaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na baadaye ikafika Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1968. Sanamu tunayoiona leo katika barabara ya Samora ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Katika hii askari hayuko tena miguuni pa mtu. Amesimama juu peke yake, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Nairobi na Mombasa nazo zilipata sanamu za askari kutoka mkono uleule.

Sasa waombe wanafunzi wafikirie kile ambacho hakikuwekwa. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa na desturi ya kusimamisha katika makaburi yao ya vita Msalaba wa Dhabihu, uliosanifiwa na Reginald Blomfield na kuwekewa upanga wa shaba usoni pake. Penye makaburi mengi zaidi waliongeza Jiwe la Ukumbusho la Edwin Lutyens. Lutyens alitaka jiwe hilo lisiwe na alama ya dini yoyote ili liwafae wafu wote, lakini hatimaye likachongwa maneno ya Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, sura ya 44, yanayosema kwamba jina lao linaishi milele. Aliyeyachagua maneno hayo ni Rudyard Kipling, na ni Kipling huyohuyo aliyepewa kazi ya kutunga maandishi ya sanamu zetu za askari. Huku hakuchukua andiko takatifu lolote. Aliandika kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Mimi nayasoma maneno haya kama mwangwi wa sura ileile ya Yoshua bin Sira, inayowasifu watu waliozikwa kwa amani huku uzao wao na jina lao vikibaki. Wazo ni la Biblia, ila limevuliwa Biblia ili liweze kusimama mbele ya familia za askari ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Yupo pia baba nyuma ya maneno hayo, kwani mwana wa pekee wa Kipling aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915, na mzazi huyo alikufa bila kujua mwili wa mtoto wake ulipolala. Hilo halifuti dhuluma ya wakoloni waliowapeleka Waafrika kufa katika ugomvi usiowahusu, na la wapagazi waliokufa kwa maradhi na njaa lazima ulitaje darasani, kwa sababu nao walikuwa wengi. Lakini linatusaidia kuelewa kwa nini maandishi hayo yanazungumzia jina na watoto, na hayazungumzii thawabu wala pepo.

Kuna jambo moja zaidi kwenye sanamu hiyo ambalo ningependa watoto waliguse kwa macho yao. Maandishi ya Kiswahili yamewekwa kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu pia. Herufi si alama ya dini, lakini hapa zinatoa ushahidi wa dini. Walioisimamisha sanamu walifahamu kwamba mwaka 1927 wakazi wengi wa mji huu waliojua kusoma walijifunza katika vyuo vya Kurani, mbele ya masheikh wao, na kwamba ujumbe ulioandikwa kwa herufi za shule za misheni peke yake usingewafikia. Uislamu wa Dar es Salaam umo katika sanamu hiyo kwa njia hiyo tu, kama hati ya wasomaji wake.

Mnara wa Mnazi Mmoja una historia nyingine kabisa. Uwanja huo, katika mipango miji ya wakoloni, ulikuwa sehemu ya ukanda ulioachwa wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa upande wa mjini. Jirani yake, katika ukumbi wa Arnautoglu, ndipo Julius Nyerere alipochaguliwa mwaka 1953 kuwa rais wa TAA, chama kilichogeuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mnara wenyewe ni nguzo nyeupe iliyobeba mwenge. Mtu akiutazama haraka atasema kwamba hapo dini haipo kabisa. Mimi nasema ipo, tena ndani sana, isipokuwa imeingia kupitia hotuba.

Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alitamka maneno ambayo wanafunzi wetu wengi wanayajua kwa moyo: kwamba sisi tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, na heshima palipojaa dharau. Msikilize sasa Mkatoliki anayeijua sala inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambayo kwa kweli ilichapishwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1912: palipo na chuki nilete upendo, palipo na kukata tamaa nilete matumaini. Mpangilio ni ule ule, jozi kwa jozi. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa dhati aliyebatizwa akiwa kijana mtu mzima, na hadi mwaka 1955 alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko kule Pugu, nje kidogo ya mji huu. Taa inayowekwa juu na mji usioweza kusitirika juu ya mlima ni picha za Injili ya Mathayo, sura ya 5.

Hata hivyo tazama alichokifanya. Aliyeombwa katika sala ni Mungu, na anayetumwa ni mtu mmoja. Katika hotuba anayetenda ni watu wa Tanganyika kwa pamoja, na Mungu hatajwi. Mahali pa tatu aliongeza jozi ambayo haimo katika sala ile, yaani heshima dhidi ya dharau, na hiyo ndiyo iliyobeba kilio cha mtu aliyetawaliwa. Kwa namna hiyo sala ya Mkristo iligeuka kuwa ahadi ya nchi ambayo Mwislamu angeweza kuipokea bila kujihisi amealikwa kanisani. Tena Mwislamu ana kwake pa kuipokelea, kwa sababu Sura ya 24 ya Kurani, aya ya 35, inamwelezea Mwenyezi Mungu kuwa ni Nuru ya mbingu na ardhi, kwa mfano wa taa iliyo ndani ya shubaka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera kileleni, na kuanzia mwaka 1964 mwenge ukaanza kukimbizwa nchini. Hotuba ile ilikuwa imeshapata mwili, na mwili huo hauna msalaba wala hilali.

Ndiyo maana sioni mgongano wowote kwamba viwanja hivyo hivyo vya Mnazi Mmoja vimekuwa mahali pa kuswalia Idd. Watu huja na dini yao, huswali, huondoka nayo, na mnara hubaki wa wote.

Wimbo wa taifa unafuata mantiki hiyo, ila kwa uwazi zaidi, na hapa wanafunzi wako wamesema kweli: ni sala. Enoch Sontonga aliutunga mwaka 1897 huko Johannesburg, akiwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti, na mara ya kwanza uliimbwa hadharani mwaka 1899 katika kumweka wakfu mchungaji. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na kutoka hapo ukawa wimbo wa ukombozi wa nchi za kusini mwa Afrika. Wimbo wa asili unamwomba Roho Mtakatifu ashuke. Tanganyika ilipouchukua wakati wa Uhuru, ombi hilo halikuingia katika maneno ya Kiswahili. Yaliyobaki ni Mungu, baraka, viongozi, na kisha hekima, umoja na amani vilivyoitwa ngao zetu. Hakuna fundisho la Kikristo lililoachwa ambalo Mwislamu angelazimika kulimeza, na hakuna jambo ndani yake ambalo Mkristo angeliona geni. Naona hiyo ni kazi ya makini mno ya watu ambao hatuwashukuru vya kutosha.

Kuhusu kiapo cha Rais sina mengi. Katiba inaifanya nchi kuwa isiyo na dini, lakini aapaye ni mtu, na mtu ana dini. Kitabu anachokishika kinabadilika pamoja naye, na maneno ya kumwomba Mwenyezi Mungu amsaidie yanabaki yaleyale. Utangulizi wa Katiba ya 1977 unaanza na sisi wananchi, ukataja uhuru, haki, udugu na amani, bila kumwita Mungu. Jirani zetu wamechagua vingine: Zambia ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991 na tamko hilo likaingizwa katika katiba yake mwaka 1996, na bendera ya Komoro ina hilali na nyota nne. Siwalaumu. Nawataja ili wanafunzi waone kwamba njia yetu haikujileta yenyewe, ilichaguliwa.

Uangalie pia Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo sehemu yake ya kwanza imepewa kichwa cha Imani ya TANU, na vifungu vyake vinakwenda kwa mtindo wa kukiri: kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili heshima. Yeyote aliyekulia kanisani anaitambua sauti hiyo ya Kanuni ya Imani, na aliyekulia msikitini anatambua uzito wa kutamka shahada. Chama kilikuwa kinaazima namna ya kusema ya watu wa dini ili kusema jambo la siasa, na kilifanya hivyo kwa sababu hadhira yake haikuwa na namna nyingine nzito zaidi ya kuahidi.

Sasa nije kwenye gharama niliyoitaja mwanzoni, na hapa nakuomba uvumilivu, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo vitabu vya shule huipita mbio. Jiwe lililonyamaza kuhusu dini lilinyamaza pia kuhusu watu. TANU ya Dar es Salaam haikubebwa na wasomi wachache tu. Ilibebwa na Kariakoo na Gerezani: na akina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Ameir, Baraza la Wazee lililoongozwa na Sheikh Suleiman Takadir, na Bibi Titi Mohamed aliyewaleta wanawake kwa maelfu kupitia vikundi vyao vya ngoma. Mkristo John Rupia alikuwa pamoja nao na alitoa mali yake. Hawa wa Kariakoo waliingia katika siasa wakiwa na mitandao waliyokuwa nayo tayari, na mitandao hiyo ilikuwa ya ujirani, ya ngoma, ya madrasa na ya misikiti. Bila imani ambayo watu walikuwa nayo kwa masheikh wao, kijana Mkatoliki kutoka Butiama asingepokelewa mjini hapa kwa wepesi ule.

Uhusiano huo ulipata majeraha. Mwaka 1958 Sheikh Takadir alihoji kuhusu nafasi ya Waislamu katika uongozi ujao wa nchi, akafukuzwa chamani. Mwaka 1968 Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku, BAKWATA ikaundwa, na Sheikh Hassan bin Ameir akarudishwa Zanzibar. Wapo wanaosema hatua hizo zililinda umoja wa nchi changa, na wapo wanaosema ziliwanyima Waislamu chombo chao na zikafuta majina yao katika historia. Mimi naamini kwamba hofu ya mgawanyiko ilikuwa ya kweli, kwa kuwa elimu ya kikoloni ilikuwa imepita mikononi mwa misheni na kuwaacha Waislamu wengi nyuma, na jambo hilo lingeweza kuwashwa moto na mtu yeyote mwenye nia mbaya. Lakini naamini pia kwamba kumtaja Sheikh Takadir pamoja na waasisi wengine hakungeivunja nchi mwaka 1970, na hakutaivunja leo. Barabara ya Bibi Titi Mohamed inapita kando ya Mnazi Mmoja. Wazee waliokaa naye kwenye mikeka hawana hata kibao uwanjani hapo, na hilo ni pengo ambalo Serikali isiyo na dini inaweza kulijaza bila kuvunja msimamo wake, kwa sababu jina la mtu si alama ya dini.

Kwa ajili ya darasa lako, ningeshauri uanzie mbali na Dar es Salaam, kwenye Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kwani huko hakuna mwanafunzi atakayehisi kwamba upande wake unahukumiwa. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji kwa jina la mzimu Hongo, na imani hiyo ndiyo iliyounganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, walinyongwa viongozi wa Wangoni kwa wingi, na kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi baadhi yao walibatizwa na mmisionari wa Kibenediktini. Makumbusho ya Songea yanawakumbuka wote kama wapiganaji. Waulize wanafunzi: mtu aliyekunywa maji ya Hongo, kisha akapokea ubatizo siku zake za mwisho, mnara wake uwekewe alama gani? Waache wabishane. Watagundua wenyewe kwa nini mnara huo unawafaa zaidi ukiwa na jina lake na tarehe yake kuliko ukiwa na ishara ya imani yake.

Baada ya hapo rudi nao Dar es Salaam, uwape majina ya watu wa Kariakoo na wa Pugu pamoja, kila mmoja na kazi aliyoifanya, badala ya orodha mbili za Waislamu na Wakristo za kuhesabiwa. Akitokea mwanafunzi akauliza mtu fulani alikuwa wa dini gani, mjibu kwa ukweli. Kulikwepa swali ndiko kunakomfanya mtoto adhani kuna siri.

Mwisho, usisahau kwamba wapo ambao hata wimbo wetu uliochujwa kwa uangalifu hauwafai. Wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule kwa kukataa kuuimba, kwa kuwa imani yao haiwaruhusu, ingawa walisimama kwa heshima wenzao walipoimba. Shauri lao lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba kutoimba peke yake si dharau kwa taifa na kwamba adhabu waliyopewa haikuwa halali. Uamuzi huo usome darasani pamoja na Ibara ya 19 ya Katiba, inayompa kila mtu uhuru wa imani na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Na kama yupo mwanafunzi wa namna hiyo katika shule yako, mweleze mwalimu wa zamu mapema kwamba mtoto huyo hana kosa asubuhi ya gwaride.